Mgonjwa Haulizwi Uji, Kenya Anaulizwa Vidole

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Aliyelala kitandani hatakiwi maelezo: uji hupikwa, hupoozwa, hupelekwa mdomoni. Nchini Kenya leo, mama aliyepigwa na kiharusi akifikishwa hospitalini, kabla ya uji, kabla ya dripu, pengine kabla hata ya kitanda, huulizwa vidole. Kidole gumba kinabanwa kwenye kimashine cha dirishani. Mashine inakataa. Kinafutwa kwa pamba yenye spiriti, kinabanwa tena. Inakataa. Miaka hamsini ya jembe, ya kuchuma majani chai, ya kusugua sufuria kwa majivu imezifuta alama ambazo serikali inazitaka ndipo iamini kwamba huyu ni yeye.

Pembeni amesimama binti yake. Ana kitambulisho cha mama, ana simu ya mama, ana faili nene ya kliniki ya shinikizo la damu, na ana risiti ya mchango wa mwaka mzima alioulipa kwa pesa zake mwenyewe. Karani anamtazama juu ya miwani na kumwambia kwamba yeye si mwanachama, kwa hivyo hawezi kusaidiwa. Mwenyewe aseme.

Mwenyewe hawezi kusema. Ndiyo maana yuko hapo.

Hatutamumunya maneno. Bima ya afya nchini, ya umma na ya kibinafsi, imetengenezewa mgonjwa asiyekuwapo: mwenye simu mkononi, macho ya kusoma ujumbe, ulimi wa kujieleza na vidole visivyo na sugu. Mtu wa namna hiyo ni mzima. Anayeugua kwelikweli ana mtu wa kumuuguza, na huyo anayelipa, anayejaza fomu, anayepanga foleni na kulala kwenye benchi la wodi hana nafasi popote katika mfumo. Mfumo haukujiamulia hivyo. Aliyeamua ni mtu ofisini, na mtu anaweza kuamua vingine.

Tukumbushane tulikotoka. Mnamo Oktoba 1, 2024, hazina ya NHIF iliyoanzishwa 1966 ilifunga milango, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikafungua yake. Sheria iliyoizaa ilitiwa saini Oktoba 2023, ikapingwa, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo Septemba. Siku chache baadaye nchi nzima ikahamishwa. Wagonjwa wa figo na wa saratani, watu wasioweza kuuahirisha ugonjwa wao hata wiki moja, wakajikuta wakiambiwa wajisajili upya kwanza. Kadi ambayo mzee aliitunza miaka yote kwenye mfuko wa koti, pamoja na kitambulisho na picha ya marehemu mkewe, ikawa kipande cha plastiki.

Kuhusu pesa, tuseme lililo kweli. NHIF ilimkata mwajiriwa kati ya Sh150 na Sh1,700 kwa mwezi. SHA humkata asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, bila kikomo cha juu. Anayepokea Sh100,000 hulipa Sh2,750; anayepokea nusu milioni hulipa Sh13,750. Hatuna ugomvi na mwenye nacho kumbebea asiye nacho. Hiyo ndiyo maana ya bima ya jamii, na tuliiunga mkono. Lakini mchango huo humfunika anayekatwa, mwenzi wake na watoto wake. Mzazi hayumo. Katika nchi ambayo mtoto wa kwanza kuajiriwa huwa ndiye bima ya ukoo mzima, sheria imeichora familia kama inavyochorwa kwenye tangazo la sabuni: baba, mama, watoto wawili, meno meupe. Nyanya amekatwa kwenye picha.

Kwa hivyo mzazi husajiliwa kama kaya ya peke yake, kisha hupigiwa hesabu ya uwezo. Paa ni la nini? Choo ni cha aina gani? Maji yanatoka wapi? Nyumba ya mawe ambayo watoto walimjengea mama kwa kuchangishana miaka sita, tofali baada ya tofali, inageuka ushahidi kwamba mama ni tajiri. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hakubaliwi kulipa kwa mwezi. Hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, kuanzia Sh3,600. Mzee anayetegemea Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, azitoe wapi kwa siku moja? Mnamo 2025 serikali ilileta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, na ikaahidi kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Kwa hili la pili tunaipongeza. La kwanza ni kumkopesha maskini ili adaiwe na wawili badala ya mmoja.

Basi tuseme mchango umelipwa, kama anavyoulipa binti wa pale dirishani. Sasa kuna suala la laini ya simu.

Akaunti ya mama imefungwa kwenye nambari. Wakati wa pilkapilka za usajili, wapo wazee waliosajiliwa kwa nambari yoyote iliyokuwa karibu: ya mjukuu, ya jirani, ya mhudumu wa afya wa kijiji. Mjukuu amehamia Nakuru na laini ile aliitupa zamani. Kila mara mama anapohitaji kuthibitishwa, nambari ya siri inaruka kwenda kwenye simu isiyokuwapo duniani. Kuibadilisha, mwenyewe aje na kitambulisho chake. Mwenyewe yuko wodini, amefungwa mpira wa mkojo. Wengine huendesha mambo ya mama kutoka ng'ambo: dada yuko Doha kwa mwajiri asiyependa kuona simu mkononi, kaka yuko Minneapolis ambako saa ya karani kuwa kazini ni usiku wa manane. Ujumbe unaingia kwenye simu iliyobaki na mama Kitale, unapigiwa picha, unatumwa kwenye kundi la familia, unasomwa umeshapitwa na wakati. Omba mwingine. Karani ameenda chai.

Ndipo ilipokuja habari ya vidole. Mnamo 2025 Wizara ya Afya chini ya Waziri Aden Duale ilianza kuziondoa nambari za siri za simu na kuweka utambuzi wa alama za vidole. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi, na wizi haukuwa wa kubuni. Kulikuwa na madai ya wagonjwa hewa, ya wodi zilizojaa kwenye karatasi na tupu kwa macho, ya nambari za siri zilizoombwa wagonjwa kwa simu na watu wasiowajua. Asemaye wizara ingekaa kimya hatutakii mema. Pesa zile ni za makato ya watu.

Lakini hebu tuukumbuke wizi wenyewe ulivyokuwa. Mnamo Juni 2023, uchunguzi wa televisheni ulionyesha wazee wa Meru wakivutiwa na kliniki za bure kijijini, wakapakiwa kwenye magari hadi Nairobi na kufanyiwa upasuaji ambao NHIF ilitozwa. Hospitali kadhaa zilisimamishwa. Sasa jiulize: wazee wale walikuwa ni nani? Walikuwa ni wao wenyewe. Vidole vilikuwa vyao, miili ilikuwa yao, kadi zilikuwa zao. Mashine ya vidole ingewasoma vizuri na kuwapitisha mmoja mmoja hadi kwenye meza ya kisu. Ambacho kingeweza kuuzuia wizi ule ni mtoto anayejulikana na mfumo, anayepokea ujumbe wa maneno machache: mzazi wako ameombewa upasuaji Nairobi, je, una habari? Angekuwa na la kusema. Angeuliza kwa nini mama yake, aliyeondoka nyumbani asubuhi kupimwa presha, analala Nairobi.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wizara huzungumza kana kwamba kuna mizani, upande mmoja usalama wa hazina na upande wa pili huruma kwa wanaouguza, na eti ukiongeza huku umepunguza kule. Sivyo. Mwana anayemjua mama yake ni mlinzi bora kuliko kifaa chochote kilichoagizwa kutoka nje. Mfumo uliomfungia nje umejipofusha wenyewe.

Na tusiambiwe kwamba pesa za kumtengea nafasi hazikuwapo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotoka Machi 2025 ilisema mfumo wa kidijitali wa afya unaogharimu Sh104.8 bilioni ulinunuliwa kinyume cha taratibu, na kwamba serikali haiumiliki. Bilioni mia moja na zaidi, na bado dirishani hakuna swali rahisi: asipoweza kujisemea, nani anamsemea? Jina la jamaa wa karibu huandikwa kwenye faili la hospitali, naam. Hilo ni la kupigiwa simu ya tanzia.

Wapo watakaotujibu kwamba kuna njia mbadala kwa wasiosomeka vidole. Njia ambayo mwenye shida haioni imebandikwa ukutani, ambayo hutegemea kama karani wa zamu anaijua na ameamka vizuri, hiyo ni hisani. Binti aliyesimama dirishani hakuja kuomba hisani. Amelipa.

Baada ya vidole kuna idhini. Daktari ameandika upasuaji, au picha ya MRI, au awamu ya kwanza ya dawa za saratani, ombi limetumwa, mnasubiri. Hospitali inasema ombi liko SHA. SHA inasema hospitali haijakamilisha nyaraka. Hospitali inasema ilituma jana. Nambari ya simu ya huduma inapiga muziki. Binti anapanda bodaboda kwenda ofisi ya kaunti, anaambiwa suala hilo hushughulikiwa kwenye mfumo tu, arudi hospitalini. Hospitalini mtandao umelala. Huku akizungushwa, siku zinahesabika: kwa viwango vilivyowekwa mfumo ulipoanza, SHA hulipia kitanda Sh3,360 kwa siku katika hospitali ya Level 4, Sh3,920 katika Level 5 na Sh4,480 katika zile kubwa za rufaa. Hospitali ya kibinafsi inayotoza zaidi ya hapo, tofauti ni yako, na siku za kungoja idhini hazina punguzo.

Kisha kuna kutoka. Mwaka 2015, katika kesi iliyohusu hospitali ya Pumwani, Mahakama Kuu ilisema ni haramu kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni. Basi siku hizi hazuiliwi. Anasubiri bili ifungwe kwenye mfumo. Daktari amemruhusu Jumanne, lango limemruhusu Ijumaa, na hizo siku tatu katikati zimeandikwa kwenye bili.

Hospitali nazo zina kilio chao, na si cha uongo. Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya muungano wa RUPHA ziligoma kuwahudumia wenye bima kwa sababu ya madeni ya SHA na ya marehemu NHIF. Mwezi uliofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba zinazoidai NHIF Sh10 milioni kwenda chini zitalipwa zote. Kwamba serikali huchelewesha malipo, kila mtu anajua. Hata hivyo, hospitali inayomwambia mwenye mgonjwa alipe taslimu kwanza, kisha ikadai tena kwa bima, haina cha kujitetea mbele yetu. Huo ni wizi wa kawaida wenye risiti mbili.

Upo upande wa sheria pia, nao haupewi nafasi ya kutosha kwenye magazeti, hili letu likiwemo.

Wanaojua watakwambia: nenda kwa wakili uandikiwe hati ya uwakilishi, mama akupe mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Ushauri ni mzuri, ila una kasoro ambayo wengi huigundua wamechelewa. Kwa kanuni tuliyoirithi kutoka kwa sheria ya Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili. Mama akiwa mzima huihitaji. Siku atakapoanza kusahau majina ya wanawe, siku unayoihitaji hasa, karatasi ile haina nguvu tena. Ni sawa na kupewa mtumbwi kwa masharti kwamba utautumia nchi kavu.

Njia inayobaki ni kwenda Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili, uombe uteuliwe kusimamia mali na mambo ya mzazi wako. Hapo pana ombi rasmi, hati ya kiapo, ripoti za madaktari, ridhaa za ndugu zako wote pamoja na yule msiyesemezana tangu mazishi ya baba, ada ya wakili, na tarehe ya kusikizwa ambayo huenda ikaahirishwa. Yote hayo ili utoe pesa za mama benki umlipie mama hospitali. Wasio na pesa za wakili, na ndio wengi, hutumia njia ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja: wanakariri nambari ya siri ya mama, wanatia saini kwa kuiga mwandiko wake, wanabana kidole chake kilicholala kwenye wino. Tumewafanya watu waaminifu kuwa waghushi kwa sababu ya kuwapenda wazazi wao. Mwendesha mashtaka mwenye bidii angeweza kuwajaza mahabusu.

Waingereza waliotuachia kanuni hiyo waliiacha wao wenyewe mwaka 1985, walipopitisha sheria ya hati isiyokufa na akili ya aliyeitoa, kisha wakaipanua kwa Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005. Sisi, miaka arobaini baadaye, tumeing'ang'ania kama jembe la babu lisilo na mpini. Bunge lililopata muda wa kupitisha sheria nne za afya kwa mpigo mwaka 2023 halikupata muda wa aya moja juu ya hili.

Wenye nafasi husema hayo ni ya SHA, wao wana bima ya kampuni. Subiri mzazi afike miaka 65. Kampuni nyingi humfungia mlango wa kuingia, au humpokea kwa bei ya kumfukuza. Na zikimpokea, ugonjwa aliokuja nao hungojea mwaka mzima kabla ya kulipiwa, na kiasi chake huwekwa kwenye chumba kidogo ndani ya kiwango kikubwa kilichoandikwa kwenye kijitabu kwa herufi za dhahabu. Ajenti wa kukuuzia hupatikana hata Jumapili baada ya ibada. Wa kulipa fidia hupatikana kwa barua pepe. Atataka risiti halisi, muhuri wa daktari, fomu iliyojazwa na mgonjwa mwenyewe. Ukikosea herufi ya jina la pili, unaanza upya, na siku za kuwasilisha madai zinaendelea kuyoyoma. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ina meno. Tungependa kuyaona.

Anayefanya yote haya, kumbuka, ana kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku 21 za likizo kwa mwaka, na siku za kuugua akiugua yeye. Ya kumuuguza mzazi, hakuna. Likizo yake inaishia kwenye foleni. Ikiisha anaanza uongo mdogo mdogo kwa msimamizi wake: gari limeharibika, mtoto ana homa. Na kwa kuwa mara nyingi ni mwanamke, wa kwanza au wa mwisho katika uzao, ndiye asiyepandishwa cheo mwaka huo, na hakuna anayeandika popote sababu yake.

Familia nazo zisijifiche nyuma ya serikali. Wapo ndugu ambao mchango wao wote ni kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, "Mama anaendeleaje?", na kuweka mikono miwili ya maombi. Wapo wanaotuma pesa na kudhani wameuguza. Na wapo, tuseme wazi, wanaoushika uwakilishi wa mzazi ili washike hatimiliki ya shamba. Ni kwa ajili ya hao ndipo sheria iwe na kufuli. Lakini hakuna anayejenga nyumba isiyo na mlango kwa kuwa wezi wapo.

Katiba haina utata juu ya jambo hili. Kifungu cha 57 kinazitaka familia na serikali, zote mbili, ziwape wazee matunzo yafaayo. Serikali imelichukua jukumu la pamoja na kulitupa upande mmoja, kisha ikamzuia huyo mmoja dirishani. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya na kinakataza kunyimwa matibabu ya dharura. Na Kifungu cha 47 kinasema hatua za kiutawala ziwe za haraka, za haki na za busara, na kwamba anayeathiriwa nazo apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya kukitekeleza kifungu hicho ipo tangu 2015. Sheria ya 2023 yenyewe inataja jopo la kutatua mizozo ya bima. Kwa anayengojea upasuaji wa kesho, jopo litakaa baada ya arubaini.

Uamuzi wetu basi ni huu. SHA ina hatia ya kumtoza mwana na kumkana mwana. Imetosha kusema mfumo ni mchanga. Mtoto aliyezaliwa Oktoba 2024 alikwisha kutembea zamani. Tunaitaka Mamlaka iweke mara moja usajili wa mwakilishi kwa kila mwanachama mwenye miaka 60 au zaidi, na kwa kila anayeugua ugonjwa wa kudumu akiutaka: mtu mmoja au wawili aliowachagua mwenyewe akiwa na akili zake, wanaothibitishwa kwa vidole vyao wao, wanaopokea ujumbe kila akaunti inapotumika. Kwa aliyekwisha kupoteza uwezo, daktari wa hospitali ya umma na chifu watie saini, mwakilishi wa muda apatikane siku hiyo hiyo, na mahakama ifuate baadaye kuthibitisha au kubatilisha. Asiyesomeka vidole ahudumiwe kwanza, mjadala baadaye, na agizo hilo libandikwe kila dirisha kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili.

Idhini iwe na saa. Ombi lisilojibiwa kwa saa 24 kwa mgonjwa aliyelazwa lihesabiwe limekubaliwa, na gharama ya kitanda baada ya daktari kumruhusu mgonjwa ibebwe na aliyechelewesha, awe ni Mamlaka au hospitali. Tunajua watasema haiwezekani. Benki za nchi hii huamua kumkopesha mtu kwa simu ndani ya dakika moja, usiku, bila kumwona. Inawezekana.

Kwa Bunge, tunataka marekebisho ya sheria ya hati ya uwakilishi, isife na akili ya aliyeitoa, iandikishwe kwa ada ambayo muuza mboga anaweza kuilipa, na anayeitumia vibaya afungwe. Na mwajiriwa anayeuguza mzazi apate siku zake, hata kama ni saba, hata kama ni za nusu mshahara. Wabunge wana bima nono; wengi wao pia wana mama kijijini, na wanajua ni msaidizi gani wa ofisi wanayemtuma hospitalini kushughulikia. Mwananchi hana msaidizi wa kumtuma.

Nawe msomaji unayemuuguza mzazi: ukinyimwa idhini kesho asubuhi, usiondoke dirishani kabla ya kuomba sababu kwa maandishi, yenye jina, tarehe na muhuri. Ni haki yako chini ya Kifungu cha 47. Wakikataa, andika jina la aliyekataa na saa aliyokataa, kisha upeleke lalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kulipeleka hakulipiwi hata senti.